Kiputo cha Mwisho

Kila siku ya likizo ilianza vilevile. Baba alikunywa chai akiwa amesimama, akatafuta funguo, akamlaumu kila mtu kwa kuzificha, kisha akazikuta mfukoni mwake. Mama alicheka. Baada ya hapo Baba na binti yake walishika njia ya vumbi inayopita nyuma ya ghala la mbao, mpaka kwenye banda la uwanja mdogo wa ndege.

Bandani kila mtu alimwita binti huyo Sisimizi, kwa sababu mkono wake mwembamba uliingia mahali ambapo mkono wa Baba uligoma. Skrubu ikidondoka ndani kabisa ya injini, mtu alisema, "Mwiteni Sisimizi," naye alikuja akaitoa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na moyoni mwake alijiona fundi kamili.

Banda lile lilikuwa na ndege moja tu, ndogo, nyeupe, yenye viti vinne. Baba alikuwa fundi wake. Rubani alikuwa dada yake Baba, yaani shangazi yake Sisimizi. Kazi yao kubwa ilikuwa kumpeleka daktari wa macho kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya milima, karibu na nyumbani kwa Bibi. Kwa gari, safari hiyo ilikula siku nzima na mgongo juu yake. Kwa ndege, ulifika kabla chai uliyokunywa nyumbani haijatulia tumboni.

Injini ya ndege ile haikuwa kama ya magari mengi. Ilikuwa injini ya rota. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake huzunguka kipande cha chuma chenye pembe tatu. Ni ndogo na ina nguvu nyingi, lakini ina joto jingi pia, ndiyo maana hupozwa na maji yaliyochanganywa na dawa ya kijani. Maji hayo hutoka kwenye rejeta, huizunguka injini, hubeba joto lake, kisha hurudi kupoa.

"Ni injini nzuri," Baba alipenda kusema, "lakini ina hasira za karibu. Ukiinyima maji, haikuonyi mara mbili."

Siku hiyo Baba alikuwa amebadilisha mpira mmoja wa maji uliokuwa umeanza kupasuka. Ilibidi maji yote yamwagwe, na maji yanapotoka, hewa huingia. Sasa maji mapya yalikuwa yamejazwa, lakini hewa ilikuwa bado imejificha ndani. Kazi iliyobaki ilikuwa kuitoa, kwa sababu kesho yake asubuhi ndege ilitakiwa kuruka.

Na kesho hiyo, Sisimizi alikuwa akiingoja kama mtoto anavyoingoja nguo mpya.

Sababu ilikuwa Bibi. Kwa miaka mingi, kila alipoulizwa kwa simu kuhusu macho yake, Bibi alijibu, "Naona vizuri tu, wanangu, msiwe na wasiwasi." Aliendelea kuona vizuri hivyo hivyo mpaka siku alipomsalimia mbuzi wa jirani, akamuuliza habari za watoto, akidhani ni jirani mwenyewe. Hapo ndipo siri ilipotoka. Daktari alimtibu jicho la kwanza safari iliyopita, na safari hii angemtibu la pili. Bibi alituma salamu: "Sasa naona hata sisimizi wa chini. Namtaka Sisimizi wangu. Uso wake niliuona mara ya mwisho akiwa anaota meno."

Nesi alikuwa ametangulia kwa basi, kwa hiyo kiti kimoja kilikuwa wazi.

"Kiti hicho ni chako," Shangazi alikuwa amemwambia. "Tunakwenda asubuhi, tunamwacha Daktari, tunarudi jioni. Nikienda kumchukua juma lijalo, yeye na nesi na masanduku yao watajaza ndege, sitakuwa na nafasi ya kukurudisha. Kwa hiyo ni kesho."

Ni kesho. Sisimizi aliyarudia maneno hayo hata alipokuwa akipiga mswaki.

Mchana ule Baba aliliinua gurudumu la mbele juu ya vipande vya mbao ili pua ya ndege ielekee juu. "Hewa ni kama mpangaji mwenye maringo," alisema, "lazima ikae ghorofani." Pale juu ya injini, mahali palipoinuka kuliko pengine pote, palikuwa na skrubu ndogo ya kutolea hewa. Baba alichomeka hapo mpira mwembamba unaopitisha mwanga, na ncha yake ya pili akaizamisha kwenye chupa ya kioo yenye maji ya kijani. Skrubu ikilegezwa, hewa hupita kwenye mpira na kutoka chupani kama viputo.

Baba alisimama upande mmoja wa injini, akiongeza maji kwenye tangi dogo na kuibanabana mipira kwa mkono ili kuisukuma hewa. Kutoka huko hakuweza kuiona chupa. Chupa ilikuwa upande wa pili, na mbele yake palikuwa na kigoda. Aliyekaa kwenye kigoda hicho aliitwa Jicho.

Jicho alikuwa na maneno matatu tu ya kusema. "Bado," akiona viputo. "Safi," akiwa ameyaona maji yakipita muda mrefu bila kiputo hata kimoja. Na "Sijui," akiwa hana hakika. Jicho akisema sijui, kazi ilianza upya, na hakuna aliyewahi kugombezwa kwa neno hilo. Siku moja Shangazi alilisema mpaka Baba akakosa chakula cha mchana, na bado Baba alimshukuru.

"Hewa ina hila," Baba alimkumbusha Sisimizi. "Hunyamaza, ukadhani imekwisha, kumbe imejibanza kwenye kona inasubiri ufunge. Na kumbuka kile kijiti cha geji. Kazi yake ni kupima joto la maji. Kikizungukwa na hewa, geji itakuambia injini imepoa huku chuma kinaungua. Kwa hiyo hapa hatuitegemei geji. Tunakutegemea wewe."

"Ndiyo, Baba."

Kazi ikaanza. Viputo vilikuja vingi, vikibubujika.

"Bado," alisema Sisimizi. "Bado. Bado."

Vikapungua. Kikaja kimoja, kikaja kingine kidogo kama punje ya mtama. Kisha maji ya kijani yakatulia kwenye mpira. Sisimizi alijua kwamba sasa ndipo kazi ya Jicho inapoanza hasa. Akakaza macho.

Wakati huohuo Kasuku akaingia bandani. Huyu alikuwa mtoto wa Shangazi, wa rika moja na Sisimizi, na jina lake hakulipewa kwa manyoya. Alikuwa ametumwa dukani kununua zawadi ya Bibi: kioo cha mkononi chenye fremu ya mbao.

"Sisimizi! Tazama!" Akakielekeza kioo kwenye jua la mlangoni, na duara la mwanga likaruka darini. Likakimbia ukutani, likapanda juu ya bawa la ndege. "Bibi atahesabu mvi zake zote!" Kisha akajitazama kiooni, akakunja uso kama mzee na kusema kwa sauti ya Bibi, "Naona vizuri tu, wanangu!"

Sisimizi alicheka mpaka akashika tumbo.

"Jicho!" Baba aliita kutoka upande wa pili. "Kuna nini huko?"

Sisimizi akageuka haraka. Mpira ulikuwa wa kijani kitupu. Chupa ilikuwa imetulia.

"Safi!" alisema.

Baba akaikaza skrubu.

Neno likishatoka mdomoni halirudi. Sisimizi aliendelea kukaa kwenye kigoda akiitazama chupa. Alijiambia kwamba aligeuka kidogo tu. Alijiambia kwamba maji yalikuwa safi, na kweli yalikuwa safi, pale alipoyatazama.

Jioni waliitoa ndege nje, wakazuia magurudumu kwa vigingi, na Shangazi akaiwasha injini. Pangaboi likazunguka, nyasi zikalala. Baba alisimama kando ya dirisha la rubani. Injini ilipozimwa, Shangazi aliteremka akikuna kichwa.

"Leo geji imekaa chini kuliko siku zote," alisema. "Imepoa mno."

Baba alikunja uso, akatazama anga. "Labda ni huu upepo wa jioni." Akafikiri kidogo. "Hapana shida. Jicho amesema safi, basi ni safi."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini maneno yale yalimwangukia Sisimizi kama gunia.

"Umesikia?" Kasuku alimnong'oneza. "Imepoa. Kesho unapaa!"

"Haya, abiria wangu," Shangazi akaita, "njoo bandani kwenye mizani." Shangazi hakumrusha mtu bila kumpima, awe daktari, liwe sanduku. Sisimizi alipanda kwenye mizani akiwa na mfuko wake, kioo cha Bibi kikiwa ndani. Shangazi aliinama kusoma. "Mbona umekakamaa hivyo? Hii ni mizani, si mpiga picha."

Sisimizi hakucheka. Alikitazama kichwa cha shangazi yake kilichoinama, na zile nywele chache za mvi nyuma ya sikio. Kesho kichwa hiki kitakuwa juu ya milima, alifikiri, na hakuna mahali pa kutua kule. Akamwona pia Bibi mlangoni, akisubiri. Machozi yakamlenga. Akashuka kwenye mizani.

"Shangazi, usinipime."

"Una nini?"

"Baba!" aliita. "Sikuona."

Baba alikuwa akifuta spana. "Hukuona nini?"

"Viputo. Niligeuka. Uliponiita nikakuta mpira uko safi, nikasema safi. Lakini sijui ni nini kilipita nilipokuwa nimegeuka. Nilitakiwa kusema sijui."

Kasuku aliutazama mfuko wenye kioo.

"Kwa nini hukusema palepale?" Baba aliuliza.

"Niliogopa tutaanza upya, usiku uingie, na ndege isiende."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa zaidi."

Baba aliiweka spana chini. Akakaa kwenye kigoda cha Jicho.

"Nimekasirika," alisema hatimaye. "Tena sana. Na ninakushukuru. Yote mawili yamo humu kifuani kwa pamoja, mnipe nafasi yapishane."

"Mjomba," Kasuku akasema kwa sauti ndogo, "mimi ndiye niliyemwita. Nilikuwa nacheza na kioo."

"Nawe pia asante," alisema Baba. "Naona leo kila mtu anatua mzigo wake."

Injini ilikuwa bado ya moto, na hakuna fundi mwenye akili anayefungua maji ya injini ya moto, yangewababua. Ilibidi wasubiri mpaka asubuhi. Shangazi akampigia Daktari simu, akamweleza kila kitu bila kupunguza.

Kulipopambazuka, gari la Daktari lilisimama mbele ya banda. Alikuja kuchukua masanduku yake ya dawa, yaliyokuwa tayari yamepakiwa ndani ya ndege. Wagonjwa walikuwa wakimngoja, na hakuweza kukaa kungoja kazi ambayo haijulikani itaisha lini. Sisimizi alisimama karibu na mlango, macho chini.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenikosesha ndege?"

"Ni mimi. Nisamehe."

Daktari alimtazama. "Katika chumba changu cha upasuaji, nesi akiniambia hana hakika kama pamba zote zimetoka jichoni, sishoni. Natazama upya, hata kama nimechoka. Manesi wanaoweza kuniambia hivyo nawapenda kuliko ndugu zangu." Akalibeba mwenyewe sanduku la mwisho mpaka garini. "Bibi yako nitamsalimu. Asante, binti."

Gari likaondoka. Ndani mlikuwa na dereva, Daktari na masanduku mpaka darini. Sisimizi alilitazama mpaka vumbi lilipotua, kisha akaenda nyuma ya banda na kulia kwa kwikwi. Ile asante ya Daktari ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na kiti.

Aliporudi, akiwa amenawa uso, kila kitu kilikuwa tayari. Kigoda kilikuwa kitupu. Alimtazama Shangazi akidhani yeye ndiye atakayekaa.

"Unangoja nini?" Baba alimuuliza. "Kaa."

"Mimi tena?"

"Jana umejifunza jambo. Sasa niende kumtafuta mtu ambaye hajajifunza?"

Sisimizi akakaa. Baba akailegeza skrubu na kuanza kuibanabana mipira. Maji yalipita kwenye mpira, ya kijani, bila kiputo hata kimoja. Yakapita. Yakaendelea kupita. Kasuku alisimama pembeni, mikono nyuma, midomo ameibana kwa bidii kubwa kuliko ya mtu yeyote pale.

"Jicho?" Baba aliita.

"Sijui," alisema Sisimizi.

Baba akaendelea, akaibana mipira tena. Sisimizi hakupepesa macho. Na hapo, baada ya ukimya ule wote, mpira ulitikisika, ukawa mweupe, na chupa ikakohoa. Likaja bonge la hewa, likafuatwa na viputo vinene vinavyogombania njia.

"Bado!" Sisimizi alipiga kelele. "Baba, bado! Bado!"

Maji kwenye tangi yakashuka ghafla, na Baba akamimina karibu jagi zima kujaza pengo. Kiputo cha mwisho kilikuja kivivu, peke yake, kikapanda chupani na kupasuka. Sisimizi aliendelea kuangalia. Aliangalia mpaka macho yakamwasha, na maji yalikuwa ya kijani tu.

"Safi," alisema. "Nimeona mwenyewe."

Walipoiwasha injini, geji ilipanda mpaka mahali pake pa siku zote na kukaa hapo. Jana hewa ilikuwa imekizunguka kijiti chake. Shangazi aliizima injini, lakini hakuteremka. Alikaa kwenye kiti cha rubani, mikono mapajani.

"Jagi zima," alisema. "Ningekuwa katikati ya milima, geji ikiniambia yote ni mazuri." Akateremka, akamvuta Sisimizi na kumkumbatia kwa nguvu. "Asante, mtoto wa kaka yangu. Asante sana."

Baba alikuwa amesimama kando, akijifanya anatafuta funguo.

"Nimekuwa nikifikiri," alisema. "Juma lijalo ndege inakwenda kumchukua Daktari. Kurudi itajaa, sawa. Lakini kwenda inakwenda tupu. Shule bado zimefungwa. Kwani Sisimizi ni lazima arudi siku hiyohiyo? Akae na Bibi yake, Mama atamfuata kwa basi likizo ikiisha."

Shangazi alimkodolea macho kaka yake. "Na hilo hukuliona tangu mwanzo?"

"Na wewe?"

Hakuna aliyekuwa ameliona. Wakacheka wote, na Sisimizi akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Juma lililofuata, ndege ilivuka milima bila wasiwasi, geji mahali pake. Bibi alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, bila kushikwa mkono na mtu. Sisimizi akaanza kukimbia.

"Simama hapohapo!" Bibi akaamuru. "Nakuja mimi."

Akaja mwenyewe, akiruka jiwe lililokuwa njiani. Akaushika uso wa mjukuu wake kwa mikono miwili na kuutazama kwa macho yote mawili. "Pua ya babu yako," alisema. "Nilijua tu." Kisha akalia bila kuona haya.

Alipopewa kioo, alikitazama kwa muda. "Na huyu mzee ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mvi hizi zimeingia lini? Hazikupiga hodi!"

Walipokuwa wakinywa chai, Shangazi alimsimulia habari za chupa na viputo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akakiweka kikombe chini.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi nilisema 'naona' miaka mingi huku sioni. Nilidhani nawapunguzia wanangu mzigo, kumbe nilikuwa nauongeza. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi kifo hakikuniumbua, nashukuru, aliniumbua mbuzi." Akatabasamu, kisha akawa na uso mzito. "Wewe ulificha mchana, ukasema jioni. Kati ya mchana na jioni kulikuwa na maisha ya mwanangu huyu aliyeketi hapa. Mtu akiyategemea macho yako, mpe ulichokiona kweli. Kama hukuona, mwambie hukuona, hata kama itakugharimu kile unachokipenda. Umenirudishia mtoto wangu. Asante, Sisimizi."

Sisimizi alikisogeza kigoda chake karibu na cha Bibi.

Alasiri Daktari, nesi na masanduku yao walijaa ndani ya ndege, na Shangazi akapaa. Bibi na Sisimizi walisimama uani, viganja juu ya macho, wakiitazama ikipungua kuelekea milimani.

"Bado unaiona, Bibi?"

"Naiona."

Ikawa ndogo kama nzi, kisha kama punje ya mtama.

"Na sasa?"

Bibi alikaza macho yake mapya, akanyoosha shingo.

"Sasa," alisema, "sijui."

Wakashikana mikono, wakaingia ndani wakicheka.